Tramu ya Ngong Road kwa kodi ya ardhi: mwongozo kamili wa kuandika pendekezo lisilotupwa

Rasimu nyingi mnazoniletea za kuiombea Nairobi tramu, yaani treni nyepesi ya barabarani, zina sentensi ile ile: "Tramu ikijengwa bei ya ardhi itapanda, kaunti iwatoze walio karibu, na pesa hizo zijenge tramu." Kisha zinafuata kurasa za picha za mabehewa ya Ulaya. Karani wa kamati ya bunge la kaunti huiweka rasimu kama hiyo kando kabla chai yake haijapoa.

Wazo lenyewe lina mashiko. Portland, Seattle na Kansas City kule Marekani zimejenga tramu kwa kuwachangisha wenye ardhi ya jirani. Rasimu zenu hukosa orodha ya ploti, hesabu ya kodi yenyewe, na jina la ofisi inayoweza kusema ndiyo. Hapa nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: njia ya kilomita 8 hivi kutoka stesheni kuu ya reli mjini, kupitia Ngong Road, hadi Dagoretti Corner. Njia hii ni ya kufundishia tu, hakuna ofisi iliyoitangaza. Wewe weka yako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika neno

- Ramani za usajili wa ploti za eneo lako. Huuzwa Survey of Kenya, Ruaraka. Ploti zenye utata zifanyie sachi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni.
- Daftari la uthamini la kaunti la 2019, linaloonyesha thamani ya kila ploti bila majengo.
- Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka unaoendelea. Usitumie ya mwaka jana.
- Katiba: vifungu 187, 207, 209, 210 na 212, pamoja na Jedwali la Nne.
- Sheria ya Taifa ya Kodi ya Ardhi ya 2024 na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012.
- Mthamini aliyesajiliwa, hata kama utamudu kumlipa saa mbili tu.
- Mtu mmoja anayemiliki ardhi kwenye njia hiyo na ambaye hapendi mpango wako. Huyu ndiye kifaa muhimu kuliko vyote, na ndiye ambaye watu hawamtafuti.

## Hatua ya 1: Jua nani anashika nini

Hapa ndipo rasimu nyingi hufia. Jedwali la Nne la Katiba limeweka reli chini ya serikali ya kitaifa. Kodi ya ardhi, kwa Kifungu 209(3), ni ya kaunti. Kwa hiyo mwenye mfuko si mwenye treni. Ngong Road nayo iko chini ya KURA, shirika la serikali ya kitaifa la barabara za mijini, na mipango ya usafiri wa jiji pamoja na Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a iko mikononi mwa NaMATA, mamlaka ya usafiri wa eneo hilo lote, tangu 2017.

Una njia mbili za kupita hapo. Ya kwanza ni makubaliano ya kuhamisha kazi kati ya ngazi mbili za serikali, ambayo Kifungu 187 kinayaruhusu. Ya pili ni kudai kwamba tramu inayopita barabarani pamoja na magari ni "usafiri wa umma wa barabarani", ambao Jedwali hilo hilo limeupa kaunti. Hoja hii ya pili inawafurahisha mawakili, lakini mimi singeitegemea peke yake. Andika ya kwanza kama ombi kuu, ya pili iwe akiba.

Angalia pia mpaka. Ukiiongeza njia yako hadi Ngong mjini utakuwa umeingia Kajiado, na Nairobi haiwezi kutoza ploti hata moja ya Kajiado. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa 2012 kwa ajili ya wasafiri wa Nairobi, lakini mitaa ya Syokimau iliyonawiri baada ya hapo inalipa kodi yake ya ardhi Machakos.

Hatua hii imekamilika ukiwa na ukurasa mmoja unaotaja kila idhini inayohitajika, ofisi inayoitoa, na kifungu kinachoipa nguvu.

## Hatua ya 2: Chora ukanda kwa miguu

Wengi huchukua bikari, huchora mita 400 kila upande wa njia, basi. Bikari haijui kuta. Kusini mwa Ngong Road kuna uwanja wa gofu ambao hakuna anayeukatiza kwenda stendi. Kuna mitaa yenye geti moja tu, na ile geti iko upande wa pili. Nyumba iliyo mita 250 kwa mstari ulionyooka inaweza kuwa zaidi ya kilomita moja kwa miguu, na mwenye nyumba hiyo atakuja kwenye kikao na kipimo chake mkononi.

Weka vituo kwanza, kila mita 500 hadi 600. Kisha tembea kutoka kila kituo. Gawa ukanda mara mbili: A ni ploti zilizo ndani ya mita 200 za kutembea, B ni za mita 200 hadi 400. Tahadhari moja: ukanda usipinde kukwepa ploti ya mtu mwenye sauti. Mpindo mmoja usioelezeka utawapa wapinzani kesi nzima.

## Hatua ya 3: Orodhesha ploti, kisha uondoe zisizolipa

Ingiza kila ploti kwenye jedwali la kompyuta: namba, ukubwa, thamani ya daftari, matumizi, ukanda A au B. Baadaye anza kufuta. Makanisa, misikiti, makaburi, shule na hospitali za umma kwa desturi hazitozwi. Ardhi ya serikali ya kitaifa hulipiwa mchango badala ya kodi, na mchango huo ni mgogoro wa miaka mingi kati ya City Hall na Hazina ya Taifa. Usiuhesabu kama pesa iliyopo. Ngong Road ina mengi ya namna hii: Hospitali ya Kenyatta iko pembeni tu, Idara ya Hali ya Hewa iko Dagoretti Corner, na katikati kuna ofisi za wizara.

Kibera inahitaji aya yake katika pendekezo lako. Wakazi wake ndio watakaojaza tramu asubuhi, lakini sehemu kubwa ya ardhi ile ni ya umma na wenye vibanda hawana hati. Huwezi kuwatoza kodi ya ardhi, wala usijaribu kuwaingiza kwa mlango wa nyuma kupitia ada nyingine. Waandike kama abiria, si kama walipaji.

Ghorofa za Kilimani zina shida tofauti. Mahali ambapo kila nyumba ina hati yake chini ya Sheria ya Mali za Vitengo ya 2020, mzigo wa ploti moja hugawanywa kwa wenye nyumba wote. Hesabu watu, si ploti peke yake. Ploti moja ya nusu ekari inaweza kukuletea barua 60 za malalamiko.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ambayo itakuvunja moyo

Chukua muda hapa. Tarakimu ninazotumia ni za mfano, lakini mpangilio wake ndio utakaoutumia.

Kilomita 8 mara mita 800 ni kilomita za mraba 6.4, yaani hekta 640, au karibu ekari 1,580. Ondoa asilimia 40 kwa barabara na ardhi isiyolipa. Zinabaki ekari 950 hivi. Tuseme thamani ya wastani ni shilingi milioni 100 kwa ekari. Ukanda mzima una thamani ya bilioni 95.

Nairobi hutoza ardhi tupu bila kuangalia jengo. Daftari la zamani la 1982 lilifikia kutozwa asilimia 34, na la 2019 limetozwa asilimia 0.115. Kwa kiwango hicho ukanda wetu unaleta shilingi milioni 109 kwa mwaka, na pesa hizo tayari zina wenyewe: mishahara, takataka, zahanati.

Sasa tramu inakuja na thamani ya ardhi inapanda, tuseme, asilimia 20. Ongezeko ni bilioni 19. Rasimu nyingi huishia hapo zikishangilia bilioni 19. Lakini hizo ni za wenye ploti. Kaunti inapata asilimia 0.115 ya ongezeko, yaani karibu shilingi milioni 22 kwa mwaka, tena baada ya daftari kuthaminiwa upya. Kumbuka daftari la 1982 lilitumika kwa takriban miaka 40. Thika Road ilipanuliwa, ardhi ya kandokando ikapanda, na thamani iliyotozwa ikabaki ile ya 1982.

Linganisha na gharama. Reli nyepesi ya Addis Ababa, kilomita 34 hivi, iligharimu dola milioni 475, karibu dola milioni 14 kwa kilomita. Kwa kilomita 8 ni dola milioni 112. Kwa dola moja kuwa shilingi 130, hiyo ni karibu bilioni 14.6. Ukisubiri milioni 22 kwa mwaka utahitaji zaidi ya miaka 660, bila riba.

Ndiyo maana nashauri usahau kabisa njia ya kungoja ongezeko, hata kama vitabu vya mipango miji vinaipenda. Inafaa miji inayotoza kodi nzito ya majengo kila mwaka. Nairobi haifanyi hivyo.

Hesabu inayobaki ni ya mchango maalumu: kila ploti hupangiwa kiasi kimoja kulingana na thamani na umbali, kisha mwenyewe hukilipa kwa awamu. Tuseme ukanda A ni asilimia 4 ya thamani, B ni 2, na kila ukanda una nusu ya ardhi. A inatoa bilioni 1.9, B milioni 950. Jumla ni bilioni 2.85, karibu sehemu moja ya tano ya gharama.

Bado hujamaliza. Nairobi hutoa msamaha wa riba na adhabu kwa wadaiwa wa kodi ya ardhi mara kwa mara, na wadaiwa wamejifunza kuusubiri. Ukikusanya kutoka kwa watu 6 kati ya 10, unabaki na bilioni 1.7, kama asilimia 12 ya gharama. Andika tarakimu zote mbili kwenye pendekezo. Kamati ikiona umeandika ile ndogo pia, itakuamini kwa mengine.

Utajua hesabu imekaa sawa ukimweleza mwenye ploti ya milioni 50 katika ukanda A na akaelewa bila kikokotoo: leo unalipa shilingi 57,500 kwa mwaka, mpango huu unakuongezea 200,000 kwa mwaka kwa miaka 10. Akikunja uso, umeeleweka. Inayofuata ni kazi ya kumpunguzia makali.

## Hatua ya 5: Tengeneza mchango ambao mtu anaweza kuukubali

Jina lina uzito wa kisheria. Ukiita "ada", Kifungu 209(4) kinahusu malipo ya huduma zinazotolewa, na tramu bado haipo. Iandike kama kodi ya ardhi ya nyongeza, ndani ya sheria, maana Kifungu 210 kinakataza kodi yoyote isiyotokana na sheria. Soma Sheria ya Taifa ya Kodi ya Ardhi ya 2024 kabla ya kupanga asilimia, ili kiwango chako kisigongane nayo.

Sababu ya kuwatoza hawa na kuwaacha wale lazima isimame mahakamani. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilibatilisha ushuru wa nyumba, moja ya sababu ikiwa kuwatoza wenye ajira rasmi na kuwaacha wengine bila msingi wa kutosha. Bunge lililazimika kutunga sheria mpya 2024. Umbali wa kutembea hadi kituo ni msingi unaopimika. "Wanaojiweza" si msingi.

Weka kizingiti. London ilipochangisha biashara kwa ajili ya reli ya Crossrail kuanzia 2010, iliziacha nje mali ambazo thamani yake ya kupangishwa kwa mwaka, iliyokadiriwa kwa ajili ya kodi, haikuzidi pauni 55,000. Sehemu kubwa ya wanaopiga kelele ikatoka kwenye mpango kwa gharama ndogo. Fanya hivyo kwa ploti ndogo.

Halafu kuna mzee mstaafu wa Jamhuri au Woodley. Alinunua nyumba zamani, ardhi imekuwa ya mamilioni, pensheni ni ile ile. Ukimdai 200,000 kwa mwaka unamfukuza mtaani. Mruhusu aahirishe: deni liandikwe kwenye rekodi ya ploti na lilipwe siku ardhi itakapouzwa au kurithiwa. Pesa zitachelewa, lakini hazipotei, na huyu mzee ndiye angekuwa picha ya ukurasa wa kwanza wa wapinzani wako.

Mpangaji naye aangaliwe. Kwenye ofisi na maduka, mikataba mingi humrushia mpangaji kodi ya ardhi kupitia malipo ya huduma. Pendekeza kwamba mchango huu ubaki kwa mwenye hati. Utekelezaji wake ni mgumu, lakini usipoutaja, wafanyabiashara wa Adams Arcade hawatakuwa upande wako.

Kuhusu ridhaa, Kansas City ilifanya jambo ninalolipenda. Wapiga kura wa ndani ya eneo la tramu waliidhinisha kodi zao wenyewe 2012, na tramu ikaanza kubeba watu Mei 2016. Sheria yetu haikulazimishi kura kama hiyo. Hata hivyo, kusanya sahihi za wenye ploti, zikiwa na namba za ploti, kabla ya kwenda bungeni. Sahihi za wapita njia hazina maana hapa.

## Hatua ya 6: Tafuta nani anaziba pengo

Mchango wako unaleta asilimia 12 hadi 20. Pendekezo lisilosema asilimia 80 na zaidi inatoka wapi halijakamilika. Seattle iliwachangisha wenye ardhi karibu nusu ya gharama ya tramu ya South Lake Union, iliyofunguliwa Desemba 2007, lakini eneo lile lilikuwa na wamiliki wakubwa wachache waliotaka kujenga. Mfano unaotufaa zaidi ni Portland. Sehemu yake ya kwanza, 2001, iligharimu karibu dola milioni 57. Wenye ardhi walitoa chini ya dola milioni 10. Karibu nusu ilitokana na hatifungani zilizolipwa na mapato ya maegesho ya magari.

Maegesho ni ya kaunti, na kila mwenye gari mjini anajua yanavyolipisha. Ongeza chanzo hicho. Ongeza pia ada ya maendeleo kwa majengo mapya ndani ya ukanda, ambayo Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inairuhusu kaunti kuitoza. Anayevunja nyumba moja Kilimani na kuweka ghorofa 16 ndiye anayefaidi zaidi, na kodi ya ardhi tupu haimwoni kabisa.

Mkandarasi anataka pesa sasa, wenye ploti wanalipa kwa miaka 10. Kati ya hapo ni mkopo. Kifungu 212 kinaitaka kaunti ipate dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti kabla ya kukopa. Usiandike "kaunti itakopa" kana kwamba ni kwenda kwa mpesa wa pembeni.

## Hatua ya 7: Funga pesa kwa kufuli

Kwa kawaida, kila shilingi ya kaunti huingia Hazina ya Mapato ya Kaunti chini ya Kifungu 207. Ikishaingia huko imechanganyika, na tramu yako inashindana na madeni ya wakandarasi wa zamani. Omba hazina maalumu ianzishwe chini ya kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, kwa idhini ya baraza la mawaziri wa kaunti na bunge la kaunti.

Kanuni za hazina hiyo ziseme mambo matatu: pesa hazihamishiki; ujenzi usipoanza ndani ya muda uliotajwa, walipaji wanarudishiwa; na wenye ploti wana viti kwenye bodi. Hili la kurudishiwa ndilo litakalobadilisha mawazo ya yule mpinzani wako. Lisiachwe liwe ahadi ya mdomo.

Tenga pia fungu la uendeshaji. Addis ilizindua reli yake 2015 kwa mkopo wa China, na baada ya miaka michache treni nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Ukijenga bila kuonyesha nani analipa umeme, madereva na magurudumu, wenye matatu za namba 111 zinazopita Ngong Road watakucheka, tena kwa haki.

## Hatua ya 8: Fika bungeni kwa wakati

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha wa kaunti kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mswada wa Fedha hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi.

Wengi hujitokeza kwenye Mswada wa Fedha. Wakati huo mkakati umeshafungwa na hakuna mstari wa tramu popote. Anza Agosti, na mpango wa maendeleo.

Peleka maombi rasmi chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kwa karani wa bunge, na nakala kwa mwakilishi wadi wa kila wadi inayopitiwa. Kurasa 10 zinatosha, jedwali la ploti likiwa kiambatisho. Ukurasa wa kwanza uwe na mambo manne: kiasi kinachotafutwa, nani analipa, kiasi gani kwa ploti ya kawaida, na sheria ipi inayotungwa.

Dai vikao vya umma vifanyike ndani ya ukanda, jioni au Jumamosi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kodi nzuri iliyopitishwa haraka huanguka vivyo hivyo. Weka orodha ya waliohudhuria kila kikao na maswali waliyouliza, maana siku moja itakuwa kielelezo mahakamani.

Siku ya kusikilizwa, mpeleke mthamini wako na yule mwenye ploti aliyekuwa mpinzani, kama amelainika. Kamati ikikujibu kwamba "suala hili ni la serikali ya kitaifa", fungua ule ukurasa wa Hatua ya 1 na uombe jambo moja tu: barua ya kamati kwa waziri wa uchukuzi ikiomba mazungumzo chini ya Kifungu 187. Omba nakala yenye muhuri na namba ya kumbukumbu kabla hujatoka kwenye jengo.